Magnesiamu Katika Jani la Mgomba: Kampala Inapima Nini?

Matoke yakipikwa Kampala kwa namna inayostahili, hufungwa ndani ya majani ya mgomba na kuachwa yaive taratibu kwa mvuke. Jani linaingia sufuriani likiwa kijani kibichi, linatoka likiwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani kilichochuja. Mpishi hana haja ya kuuliza kwa nini, lakini kilichotokea humo ni kemia inayoeleweka vizuri. Joto limevunja seli za jani, tindikali zilizokuwa zimetengwa kando zimeifikia klorofili, na protoni mbili zimechukua nafasi ya atomi moja ya magnesiamu iliyokaa katikati ya kila molekuli. Atomi hiyo ikitoka, ukijani unatoka nayo.

Mkemia Mjerumani Richard Willstätter ndiye aliyethibitisha, mwanzoni mwa karne iliyopita, kwamba magnesiamu hiyo ni kiungo halali cha klorofili, wala si uchafu ulioingia wakati wa kuisafisha. Uchunguzi wake wa rangi za mimea ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915. Tangu hapo wanafunzi wa biolojia hufundishwa habari za atomi ile, na wengi wakitoka shuleni hubaki na hesabu nyepesi kichwani: jani likiwa kijani, magnesiamu inatosha. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Katika mmea ulioshiba, magnesiamu iliyofungwa ndani ya klorofili ni kama sehemu moja ya tano tu ya magnesiamu yote ya jani. Mmea ukipungukiwa, au ukikulia kivulini, sehemu hiyo hupanda, pengine hadi kufikia nusu, kwa sababu klorofili hung'ang'ania magnesiamu yake huku matumizi mengine yakibanwa. Basi la kuuliza ni hizo sehemu nne zilizobaki: ziko wapi, zinafanya kazi gani, na sisi tunazipimaje.

Kwa Uganda swali hili linagusa sahani ya chakula. Matoke ndiyo mlo mkuu wa mamilioni ya watu, na mavuno ya migomba ya nyanda za juu hubaki kati ya tani 5 na 30 kwa hekta kwa mwaka, ilhali watafiti wanakadiria kwamba uwezo wake unapita tani 70. Sababu ni nyingi: ukame, fukusi wa migomba, minyoo ya mizizi, mnyauko. Lakini udongo uliochoka umo katika kila orodha. Vilima vya Buganda, vikiwamo vile ambavyo Kampala imejengwa juu yake, vimefunikwa kwa sehemu kubwa na udongo mwekundu mkongwe, uliooshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Udongo wa namna hiyo hauna nguvu kubwa ya kushika virutubisho vyenye chaji chanya, na magnesiamu ni mojawapo ya vinavyotoroka mapema.

Turudi ndani ya jani. Kloroplasti ina mfumo wa tando nyembamba ziitwazo thailakoidi, na sehemu kubwa ya tando hizo imepangwa mafungu mafungu, mithili ya chapati zilizorundikwa. Mafungu hayo ni grana. Uso wa kila utando una chaji hasi, na nyuso mbili zenye chaji ya aina moja husukumana. Kinachoziwezesha kukaa karibu ni ioni zenye chaji chanya zinazojikusanya juu yake, na ndani ya kloroplasti hai mhusika mkuu ni magnesiamu, kwa kuwa ina chaji mbili na ipo kwa wingi.

Mwaka 1966 watafiti Izawa na Good walilionyesha jambo hili waziwazi. Waliweka kloroplasti katika mmumunyo wenye chumvi kidogo sana, na grana zikaachana. Walipoongeza chumvi, zikajipanga tena. Magnesiamu hufanya kazi hiyo kwa milimola chache tu, ilhali potasiamu au sodiamu huhitajika kwa wingi zaidi. Miaka mitatu baadaye Norio Murata wa Japani aliona kwamba magnesiamu inabadilisha hata njia inayopitwa na nishati ya mwanga: ikiwepo, mng'ao wa klorofili ya mfumo-nuru wa pili, mmoja wa mitambo miwili inayokamata mwanga, huongezeka, ishara kwamba nishati kidogo zaidi inavujia kwenye mfumo-nuru wa kwanza. Maelezo yaliyounganisha mambo hayo mawili yalikuja mwaka 1980, Andersson na Anderson walipoonyesha kwamba mifumo hiyo miwili haikai mahali pamoja. Wa pili umejaa ndani ya grana, wa kwanza uko kwenye tando zilizo wazi. Grana zikiachana, mifumo inachanganyikana na mgawanyo wa kazi unaharibika. Kwa hiyo magnesiamu iliyoshikamana na utando, ambayo haimo kabisa ndani ya klorofili, ndiyo inayosaidia kuweka kila mtambo mahali pake.

Kuna kazi nyingine, na kwangu mimi ndiyo inayovutia zaidi, kwa sababu inatendeka upya kila kunapopambazuka. Mwanga ukilipiga jani, protoni husukumwa kuingia ndani ya thailakoidi. Ili chaji zisawazike, ioni nyingine hutoka, na magnesiamu ni mojawapo. Inaingia kwenye majimaji yanayozunguka tando, yaani stroma. Portis na Heldt walikadiria mwaka 1976, kwa kloroplasti za spinachi, kwamba magnesiamu ya stroma hupanda kwa milimola 1 hadi 3 mwanga unapowaka. Wajapani waliotumia rangi inayong'aa ikikutana na magnesiamu waliripoti mwaka 2003 kwamba magnesiamu huru hupanda kutoka karibu nusu milimola gizani hadi karibu milimola 2 kwenye mwanga. Namba hizo zaonekana ndogo, lakini vimeng'enya vya stroma vinazitegemea. Rubisko, kimeng'enya kinachoikamata hewa ya ukaa, hakifanyi kazi mpaka kwanza kiungane na molekuli moja ya hewa hiyo kisha kipokee magnesiamu, kama Lorimer, Badger na Andrews walivyoeleza mwaka huohuo wa 1976. Magnesiamu inayotoka kwenye utando asubuhi ni sehemu ya amri ya kuanza kazi. Mwaka 2020 watafiti wa China walikwenda mbali zaidi: walionyesha kwamba magnesiamu ya kloroplasti za mpunga hupanda na kushuka kwa zamu za mchana na usiku, na wakaitambua protini inayoiingiza, OsMGT3.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Chukulia mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere anataka kujua ni magnesiamu kiasi gani imeshikamana na tando za kloroplasti za mgomba. Anakata ukanda wa jani la tatu kutoka juu, pande zote mbili za mshipa wa kati, anauweka kwenye barafu. Anausaga ndani ya mmumunyo baridi wenye sorbitoli na kidhibiti cha tindikali, anachuja kwa kitambaa, kisha anauzungusha kwa kasi katika mashine mpaka kloroplasti zituame. Anazipasua kwa kuziweka katika maji yenye chumvi kidogo, anazungusha tena. Tando zinabaki chini, majimaji ya stroma yanabaki juu. Tando anazigawa mafungu mawili. La kwanza analiyeyusha katika asetoni ya asilimia 80 na kupima klorofili kwa mwanga wa nanomita 663 na 645, njia iliyoenezwa na Arnon mwaka 1949 na ambayo chuo chochote chenye spektrofotomita kinaiweza. La pili analichemsha kwa tindikali mpaka kila kitu kivunjike, kisha analipuliza kwenye mwali wa kifaa kinachopima ufyonzaji wa mwanga wa atomi, aina ya upimaji iliyoletwa na Alan Walsh wa Australia mwaka 1955. Magnesiamu hufyonza mwanga wa nanomita 285.2, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo mwanga unavyopungua.

Hesabu inayofuata ni nyepesi. Miligramu 1 ya klorofili hubeba karibu mikromoli 1.1 za magnesiamu, yaani mikrogramu 27 hivi. Mtafiti anatoa kiasi hicho kwenye jumla, na kinachobaki ndicho kilichoshikamana na tando. Kwenye karatasi ni kutoa tu. Mezani kuna mitego, na mgomba una mitego zaidi ya mimea mingine.

Mtego wa kwanza umo ndani ya chupa ya mtafiti mwenyewe. Mimumunyo ya kawaida ya kutengea kloroplasti huwekwa kloridi ya magnesiamu, mara nyingi milimola 5, kusudi grana zisiachane. Anayepima magnesiamu kwa mmumunyo huo anapima pia ile aliyoiongeza kwa mkono wake. Akiiacha, basi ile iliyoshikamana kwa ulegevu inaoshwa na kumwagwa, na grana zinafunguka. Akiosha kwa EDTA, inayonasa magnesiamu kwa nguvu, anaondoa hata ile iliyokaza. Ndiyo kusema hakuna namba moja iitwayo magnesiamu ya utando. Zipo namba kadhaa, kila moja na mwosho wake, na ripoti isiyotaja mwosho haina faida kwa mtu mwingine.

Mtego wa pili ni ule wa jikoni. Jani likisagwa bila baridi na bila kidhibiti cha tindikali, tindikali zake huanza kung'oa magnesiamu kutoka kwenye klorofili, na iliyong'oka huweza kujibandika kwenye utando na kuhesabiwa kana kwamba ilikuwapo tangu awali. Wa tatu ni utomvu. Yeyote aliyewahi kukata mgomba akiwa amevaa shati jeupe anajua doa lake halitoki. Kinachoganda kwenye shati ndicho kinachoganda kwenye protini za kloroplasti zinaposagwa, na isipowekwa dawa ya kuvinasa vitu hivyo, tando zinaharibika kabla ya kupimwa. Wa nne ni saa. Jani lililokatwa alfajiri na lile lililokatwa saa sita mchana hayana mgawanyo uleule wa magnesiamu kati ya utando na stroma, hata kama jumla yake ni ileile.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunayoyajua imetokana na spinachi na njegere. Ni majani laini, yanasagika upesi, kloroplasti zake hutoka zikiwa nzima. Kanuni za msingi bila shaka ni zilezile kwa mgomba, kwa kuwa mtambo ni mmoja. Kiasi, kasi na kikomo ni mambo mengine, na hayo hayawezi kuazimwa kutoka kwenye spinachi ya Ulaya.

Maabara zinazomhudumia mkulima hazipimi hayo yote. Hupima magnesiamu ya jumla katika jani lililokaushwa. Kwa ndizi, kiwango kinachotumika sana kimataifa kwa jani la tatu ni asilimia 0.3 ya uzito mkavu kwa magnesiamu, na asilimia 3 kwa potasiamu. Chini ya hapo mmea unahesabiwa kuwa na upungufu. Kipimo hiki nakiheshimu: ni rahisi, kinarudika, na kinaweza kufanyika kwa wingi. Upungufu wake ni kwamba kinatazama jumla, hali mmea unaishi kwa mgawanyo na kwa uwiano.

Uwiano huo umeshughulikiwa Uganda kwa umakini mkubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Katika kituo cha utafiti cha Kawanda, kilichoanzishwa mwaka 1937 kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Bombo, na katika mashamba ya wakulima, migomba imepimwa kwa miongo. Mwaka 2004 Smithson na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya mbolea za potasiamu na magnesiamu katika migomba ya Uganda, wakitazama mavuno, uharibifu wa fukusi na virutubisho vya jani kwa pamoja. Walitumia mfumo wa DRIS, ulioasisiwa na Beaufils Afrika Kusini, ambao hulinganisha kila kirutubisho na wenzake badala ya kukipima peke yake. Kisha Lydia Wairegi na Piet van Asten wakatengeneza, mwaka 2011, viwango vya uwiano vilivyotokana na migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki yenyewe. Hapo ndipo mahali pa kuanzia, maana potasiamu na magnesiamu hugombea njia ya kuingia mzizini. Potasiamu ikizidi, magnesiamu haiingii, hata kama udongo unayo.

Kuhusu hilo nina neno juu ya maganda ya ndizi. Malori yanaingiza mikungu Kampala kila siku kutoka Isingiro, Mbarara na kwingineko, na maganda yake yanabaki mjini. Ndizi mbivu ina karibu miligramu 358 za potasiamu na 27 za magnesiamu katika kila gramu 100 za nyama yake, na ganda nalo lina potasiamu kwa wingi. Shamba la Isingiro linapoteza vyote viwili kwa kila mkungu unaopanda lori. Mkulima wa Wakiso anayeokota maganda hayo bure na kuyamwaga shambani miaka nenda miaka rudi ana tatizo la kinyume: analimbikiza potasiamu kwenye udongo ambao, kwa afya ya mgomba, unatakiwa uwe na magnesiamu inayopatikana kwa wingi kuliko potasiamu. Migomba ya mashamba hayo mawili inaweza kuonyesha magnesiamu ileile pungufu kwenye karatasi ya maabara, huku mmoja ukihitaji vyote na mwingine ukihitaji upunguziwe maganda. Anayesoma asilimia moja pekee ataiandikia yote miwili dawa moja.

Lipo pia suala la dalili. Magnesiamu husafiri ndani ya mmea, kwa hiyo ikipungua hutolewa kwenye majani ya chini na kupelekwa machanga. Majani ya chini hufifia, na vikonyo vya majani huweza kupata madoa ya zambarau. Dalili hizi ni za kweli, lakini zimechelewa. Cakmak, Hengeler na Marschner walionyesha mwaka 1994 kwa maharage, na Hermans na wenzake wa Ubelgiji baadaye kwa bitiruti za sukari, kwamba sukari hurundikana ndani ya majani mapema sana. Kuipakia sukari kwenye mishipa inayoisafirisha kunahitaji ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na ATP hufanya kazi ikiwa imeshikana na magnesiamu. Kwa bitiruti, mrundikano huo ulitangulia kupungua kwa klorofili. Yaani jani bado ni kijani na limejaa chakula, lakini mizizi na matunda yana njaa. Kwa mgomba, unaolisha mkungu mzima kutoka kwenye majani machache, hilo ni jambo zito.

Jani lenye sukari isiyosafiri na mwanga mkali juu yake linakuwa hatarini, kwa kuwa nishati isiyotumika huzaa aina za oksijeni zinazochoma tando. Marschner na Cakmak walifunika kwa kivuli sehemu ya jani la mharage lenye upungufu: sehemu iliyofunikwa ikabaki kijani, iliyoachwa juani ikapauka. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua lake halina msimu wa huruma. Kwa mapokeo ya Buganda, mashamba ya migomba yalipandwa pia mituba, miti ya kutengenezea kitambaa cha magome, na kahawa ikawekwa chini ya migomba. Je, kivuli hicho kilikuwa kinaokoa mimea yenye magnesiamu kidogo isiungue? Swali hilo linapimika kwa vifaa vilivyopo, na matokeo yake yangefaa kuwekwa mezani kabla ya kumshauri mkulima akate miti yake.

Kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village, karibu na Nakivubo, utapata NPK 17-17-17, yurea, DAP na CAN. Yurea na DAP hazina magnesiamu kabisa; tena zote mbili huleta amoniamu, inayoongeza tindikali ya udongo na kushindana na magnesiamu kwenye mzizi. CAN nyingine huchanganywa na dolomaiti wakati wa kutengenezwa, na hiyo huwa na magnesiamu kidogo. Dolomaiti safi ina karibu asilimia 13 na hupunguza tindikali pia, ingawa hufanya kazi polepole. Kieseriti ina kama asilimia 16 na chumvi ya Epsom kama 10. Hizi huyeyuka haraka na hufaa pale ambapo tindikali si tatizo. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kwamba matumizi ya mbolea yafikie kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Uganda ilibaki mbali sana na lengo hilo. Walipokutana tena Nairobi mwezi Mei 2024, afya ya udongo iliwekwa kwenye jina la mkutano wenyewe. Ni hatua njema, mradi afya hiyo isihesabiwe kwa kilo za nitrojeni, fosforasi na potasiamu pekee. Kuongeza potasiamu bila kuiangalia magnesiamu, katika udongo kama wa Buganda, kunaweza kuupunguzia mgomba kile unachokihitaji ili kutumia potasiamu hiyo.

Hukumu yangu ni hii. Kipimo cha magnesiamu ya utando hakitakuwa huduma ya mkulima. Ni kigumu, kina mitego, na hakiwezi kufanyika kwa sampuli mia kwa siku. Lakini kinahitajika mara moja, kwa uangalifu, juu ya mgomba wenyewe, ili tujue asilimia ile ya maabara inamaanisha nini ndani ya kloroplasti. Kazi hiyo inaweza kufanyika Kampala: jani la tatu, alfajiri na mchana, shambani penye kivuli na pasipo kivuli, palipojaa maganda na palipochoka; kisha magnesiamu ya jumla, klorofili, tando kwa miosho miwili iliyotajwa wazi, na sukari ya jani. Mwanafunzi mwenye barafu, mashine ya kuzungusha na msimamizi mkali anaiweza.

Wakati tunaingoja, mkulima asisubiri majani ya chini yafifie. Apeleke maabara jani la tatu pamoja na udongo, aseme ametia nini shambani miaka ya karibuni, maganda na majivu yakiwamo, na atake apewe uwiano wa potasiamu na magnesiamu pamoja na asilimia zake. Maabara nayo iuandike uwiano huo kwenye karatasi hata asipouuliza.